Mzee Reinhold Stöcker na Mdogo Wake wa Mbozi

Ndugu wafiwa, dada yetu Phyllis na kaka yetu Walter, wajukuu, wachungaji wa makanisa yote mawili, majirani wa hapa Brampton, na ninyi mliotoka Malton na Scarborough kwa kubadilisha mabasi katika baridi hii ya Novemba, mimi ninaitwa Tharcisse Ndikuriyo, mzee wa kanisa letu linalosali kwa Kiswahili, mzaliwa wa Burundi niliyekulia na kusomea katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora, wala si ndugu wa damu wa marehemu, na nilimjua kwa miaka mitatu tu, lakini familia imeniomba nisimame kama mwakilishi wake. Sababu ya kuombwa mimi mtaiona nikiendelea, ingawa yamo humu mambo ambayo hata mimi ninayeyasoma sijayaelewa, na sitajifanya nimeyaelewa.

Walter amekwisha kusoma historia ya baba yake kwa Kiingereza, nanyi mmesikia kwamba inaanzia melini, mwaka 1952. Walter hana kosa, hiyo ndiyo historia waliyopewa nyumbani tangu utoto. Hii ya Kiswahili ni ile aliyoisema marehemu kwa kinywa chake katika miaka yake ya mwisho, vipande vipande, mara nyingine leo ikipinga ya jana, na dada Phyllis ameomba isomwe katika lugha ileile aliyoisemea baba yake, wakati mama Généreuse, aliyeketi kando yake pale mbele, akimtafsiria sikioni.

Marehemu Reinhold Ewald Stöcker alizaliwa tarehe 3 Machi 1922, katika kijiji kimoja karibu na mji wa Hanova, Ujerumani, akiwa mtoto wa pekee wa Bwana Ewald Stöcker na Bibi Luise, na hapo ninaposema mtoto wa pekee nasema kama hati zisemavyo. Mwaka 1926, baada ya Waingereza kuwaruhusu Wajerumani kurudi Tanganyika, wazazi wake walisafiri naye hadi Mbozi, katika nyanda za juu za kusini, wakapewa ardhi, wakapanda kahawa. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe kabla yao, nami nalitaja hilo kwa sababu marehemu mwenyewe alilitaja mbele yetu katika moja ya siku zake njema, akasema, "Shamba halikuwa letu, tulipewa na mtu ambaye halikuwa lake," kisha akaomba chai.

Mwaka 1931 mama yake mzazi alifariki kwa homa, akazikwa palepale shambani, na tangu hapo Reinhold, mwenye umri wa miaka tisa, alilelewa na mwanamke mmoja wa palepale, ambaye jina lake mwenyewe hatukulipata, kwa maana marehemu alimwita siku zote kwa jina la mtoto wake, Mama Sekela. Alipata elimu katika shule ya bweni ya watoto wa Kijerumani, ambayo jina lake alitutajia kwa namna tatu tofauti, kwa hiyo nimeliacha. Alisema kwamba shuleni alipigwa kwa kuzungumza Kiswahili, nyumbani alipigwa na baba yake kwa kosa hilohilo, na Kiswahili akakijua vizuri kuliko Kijerumani.

Mwezi Septemba 1939 vita vilipoanza, polisi wa Kiingereza walifika Mbozi na lori, wakamchukua Bwana Ewald, na kwa kuwa Reinhold alikuwa amefikisha miaka kumi na saba wakamchukua na yeye, wakapelekwa Dar es Salaam, kisha kwenye kambi ya Wajerumani waliozuiliwa, tunadhani Afrika ya Kusini. Huko baba yake alifariki mwaka 1944. Mwaka 1947 Reinhold alirudishwa Ujerumani, nchi aliyoiacha akiwa na miaka minne, akaikuta imekuwa vifusi, akafanya kazi za mashamba ya watu, na mwaka 1952 akaomba kuja Kanada. Ofisa aliyemhoji alimwuliza kama amewahi kuzuiliwa na serikali yoyote, na hapa maneno yake hayakubadilika hata mara moja, kila alipolisimulia alisema vilevile, "Nilisema hapana, nikasema sijatoka Ujerumani hata siku moja." Ndugu zangu, wengi wetu humu ndani tumekaa mbele ya meza ya namna hiyo, tunajua jinsi jibu moja linavyoweza kumfuata mtu. Ili jibu lake lisimame, ilimbidi afute Mbozi, kahawa, kambi, kaburi la baba na kaburi la mama, na sijui kama alikusudia kuvifuta milele, au alingoja siku ya kuvirudisha ikawa haiji.

Alifika Halifax tarehe 21 Mei 1952, akaja Ontario kwa treni, akawa kibarua wa shamba kaskazini mwa Brampton. Tarehe 18 Juni 1955 alifunga ndoa na Bi Verna Snider, mzaliwa wa huku Ontario, wakajaliwa watoto wawili, Phyllis mwaka 1956 na Walter mwaka 1959. Mwaka 1958 walinunua shamba lao wenyewe, wakafuga ng'ombe wa maziwa, wakalima mahindi na viazi, na majirani waliopo hapa wanashuhudia kwamba hakuna aliyewahi kumkuta kitandani jua likiwa limechomoza, na kwamba alikuwa mkali kwa wanaume na mpole kwa ndama. Watoto walipomwuliza habari za utoto wake aliwajibu kwamba vita vilichoma kila kitu. Hata Bi Verna, aliyekaa naye miaka thelathini na minne, alifariki mwaka 1989 akiamini ameolewa na mtu asiyewahi kuona nchi nyingine zaidi ya Ujerumani na Kanada.

Baada ya kifo cha mkewe shamba liliuzwa, mwaka 1990, na kampuni iliyolinunua ikapasua barabara na kujenga nyumba zinazofanana kama mayai ya trei moja, na dada Phyllis, kwa upendo, akanunua mojawapo ili baba yake aendelee kuishi juu ya ardhi yake, akamwekea chumba kizuri chini, kwenye besimenti. Hapo ndipo akili yake ilipoanza kuyumba. Kuanzia mwaka 1994 alikuwa akitoka asubuhi kutafuta ng'ombe, akisimama katikati ya barabara akiuliza nani amehamisha ua, akigonga milango ya watu na kuwaambia wamejenga kwenye mahindi, na kwa kweli walikuwa wamejenga kwenye mahindi.

Jumapili tarehe 15 Oktoba 1995, mchana, kanisa letu lilikuwa kwenye ibada katika ukumbi wa mazoezi wa shule ya msingi tunaoukodi, shule ambayo, tulikuja kuambiwa baadaye, imejengwa pale yalipokuwa malisho yake, na tukiwa katikati ya wimbo wa zamani, wa zile tenzi zilizoletwa na wamisionari enzi za babu zetu, akaingia mzungu mrefu amevaa gamubuti na suruali ya kulalia. Alikuja kuulizia ng'ombe. Akasimama mlangoni, akavua kofia, akaanza kuimba pamoja nasi, kwa Kiswahili, beti zote, bila kitabu, na ubeti wa mwisho, ambao sisi huwa tunauruka kwa sababu hatuujui, aliuimba peke yake. Watu walichanganyikiwa. Wengine walisema ni muujiza, wengine waliokuwa wakingoja kesi zao za ukimbizi walinong'ona kwamba ametumwa na watu wa uhamiaji kutuchunguza, na familia moja ilitoka kwa mlango wa nyuma na watoto wake wote.

Hatujamaliza kushangaa, akaingia dada Phyllis na polisi, amemtafuta baba yake tangu asubuhi, macho mekundu. Mama Généreuse, ambaye kazi yake ni kutunza wazee, na Kiswahili chake ni cha upande wa Bukavu, alikuwa amekwisha kumketisha mzee na kumshika mkono, wakizungumza.

"Unaongea naye nini?" dada Phyllis akamwuliza kwa Kiingereza. "Hii ni lugha gani?"

"Kiswahili, mama. Papa anasema Kiswahili muzuri kabisa."

"Baba yangu hajui Kiswahili. Baba yangu ametoka Ujerumani."

Mzee akamtazama polisi, akamgeukia Généreuse, akasema, "Mwambie huyu askari baba hayupo, amekwenda Mbeya." Généreuse akatafsiri. Dada Phyllis alikaa chini kwenye kiti cha mtoto wa shule, akatuuliza sisi, watu asiotujua, "Mbeya ni nani?"

Kuanzia siku hiyo alikuja kila Jumapili, na dada Phyllis, ambaye mwanzoni alidhani tunamlaghai baba yake, akawa anamleta yeye mwenyewe, kisha akamwajiri mama Généreuse kukaa na mzee mchana wakati yeye yuko ofisini Don Mills. Watoto wetu, ambao tukiwasemesha Kiswahili hutujibu kwa Kiingereza, walimwogopa, kwa kuwa yeye Kiingereza kilikuwa kinampotea kidogo kidogo, na aliwakaripia kwa Kiswahili wasiposalimia.

Lakini nisiwapambie. Ndani ya mzee huyu mlikuwa na Kiswahili cha namna mbili, kimoja cha mtoto wa jikoni, cha hadithi na cha kubembeleza, na kingine cha bwana shamba, na hatukujua ni kipi kitatoka akifungua mdomo. Mwezi Desemba 1995, mbele ya kanisa zima, alimwonyesha kidole Mzee Zachariah, mtu wa Bukavu, mwenye wajukuu, aliyepoteza ujana wake katika mashamba ya chai ya Wabelgiji, akamwambia, "Wewe boi, lete kiti, upesi!" Mzee Zachariah alisimama, akachukua koti lake, akaenda, na hakuonekana kanisani hadi Pasaka. Tuligawanyika. Wako waliosema mgonjwa hahesabiwi maneno, wako waliosema maneno yale hayakutoka kwenye ugonjwa, yalikuwa yamewekwa humo zamani, na mimi niliyetakiwa kuamua sikujua nani yuko sahihi, hata leo sijui.

Siku ya Pasaka, mwezi Aprili 1996, Mzee Zachariah alirudi, akaenda moja kwa moja kukaa karibu naye, na mimi nilikuwapo.

"Baba yako alikuwa anapiga watu?" akamwuliza.

"Alikuwa anapiga. Kwa kiboko. Alimpiga baba yake Sekela."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nahesabu," mzee akajibu. "Aliniambia nihesabu kwa sauti. Nikikosea anaanza upya." Akalia kama mtoto, kwa kwikwi, bila kujifuta.

Mzee Zachariah hakuondoka, alikaa pale hadi ibada ikaisha. Leo yuko nasi, ameketi kiti cha nyuma, ameniruhusu niyasome haya, lakini amenikataza kusema kwamba amesamehe, kwa sababu, asema, hajui kama msamaha ule ni wake yeye kuutoa.

Sasa naja kwenye jambo lililoisumbua familia hii kuliko yote. Mwezi Februari 1997 mzee alikuwa amekipoteza Kiingereza chote, na dada Phyllis hakuweza tena kuzungumza na baba yake aliyemzaa bila mama Généreuse kukaa katikati. Siku moja jikoni, dada Phyllis analia, mzee aliuliza, "Huyu memsahibu ni nani? Mbona analia?" Mama Généreuse hakuwa na moyo wa kutafsiri lile la kwanza.

"Papa anauliza juu ya nini unalia."

"Mwambie mimi ni binti yake."

Akamwambia. Mzee akatikisa kichwa. "Mimi sina binti, mimi bado mtoto. Mpe uji, atanyamaza. Mama alikuwa anatupa uji, mimi na mdogo wangu Sekela, tukinyamaza."

Dada Phyllis alipotafsiriwa aliacha kulia palepale. Alitaka kujua jambo moja tu, huyu mdogo ni mdogo wa damu au siyo, yaani babu yake alizaa na Mama Sekela, na yeye na Walter wana shangazi huko Mbozi, au siyo. Mama Généreuse akamweleza kwamba Kiswahili hakimbani mtu hivyo, anayesema mdogo wangu anaweza kuwa na maana ya tumbo moja, au baba mmoja, au jirani tu aliyekula naye chungu kimoja. "Mimi niko na badogo wengi, mama," akamwambia, "na mama yangu alizaa sisi wawili tu." Dada Phyllis alinipigia simu jioni hiyo, akaniuliza kama kwa Kiswahili sanifu jibu ni tofauti. Nikamwambia si tofauti.

Tulimwuliza mzee mwenyewe, kwa upole, mara nyingi. Kumbukeni pale kwa Mzee Zachariah alisema baba yake Sekela, kama mtu mwingine, aliyechapwa. Wiki nyingine alisema, "Baba yetu alitukataza kwenda mtoni." Mara alisema Sekela alikuwa mweupe kama yeye, mara alisema alikuwa mweusi na yeye pia alikuwa mweusi. Walter alikuja kwa ndege kutoka Calgary, akakaa siku tatu akimtazama baba yake akizungumza, akasema kwa hasira kwamba haya ni maneno ya ugonjwa, hakuna Afrika, hakuna Sekela, kisha asubuhi ya kuondoka akamkuta baba yake jikoni anamfundisha mama Généreuse jinsi ya kumenya kahawa mbichi kwa vidole, hewani, bila kahawa, na mikono ile ikijua inachofanya. Walter aliahirisha safari yake.

Mwezi Agosti mwaka huu nilimpigia simu rafiki yangu niliyesoma naye Ulyankulu, ambaye sasa ni mwalimu Mbeya, nikamwomba aende Mbozi kuulizia. Naye ana kazi zake, alipata nafasi mwishoni mwa Oktoba. Alikuta wazee wanaokumbuka Wajerumani, lakini Wajerumani walikuwa wengi, na wote walikuwa na watoto weupe, na akina Sekela nao ni wengi, kila kijiji kina wao. Hata hivyo alipelekwa kwa bibi mmoja wa jina hilo, haoni vizuri, ambaye mama yake alifanya kazi kwa mzungu wa kahawa kabla ya vita. Akamwuliza kama alikuwapo kijana wa kizungu. Bibi akasema alikuwapo, walimwita Raini, na lori lilipomchukua alirusha kofia yake ardhini na kukataa kuivaa. Akamwuliza, huyo Raini alikuwa nani kwako? Bibi akasema, "Alikuwa kaka." Akamwuliza tena, kaka wa baba mmoja? Bibi akamwambia mwalimu, "Kaka ni kaka, unataka nini tena?" Na alipokuwa anaaga, bibi akampa salamu za kuleta, "Kama ndiye, msalimieni. Kama siye, msalimieni vilevile."

Simu hiyo ilinifikia tarehe 6 Novemba, mzee akiwa amelazwa siku ya nne kwa nimonia katika hospitali ya hapa Brampton. Tarehe 7, Jumamosi, tulisimama kando ya kitanda chake, mimi, Phyllis, Walter na mama Généreuse, na mama Généreuse akainama akamwambia, "Muzee, Sekela anakusalimu." Kwa siku mbili alikuwa hajafumbua macho. Akayafumbua, akauliza, "Amekula?" Mama Généreuse akamjibu, "Amekula, ameshiba." Akafumba macho, na hakusema neno lingine kwa lugha yoyote. Alifariki Jumatatu tarehe 9 Novemba 1998, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na sita.

Walter na Phyllis hawakukubaliana jinsi ya kuandika aliowaacha. Walter alitaka tungoje uthibitisho, Phyllis alisema baba yao amethibitisha. Walibishana hadi juzi, na jana jioni Walter aliniletea karatasi hii kwa mkono wake mwenyewe, nami naisoma ilivyo. Marehemu Reinhold Ewald Stöcker ameacha watoto wawili, wajukuu wanne, na mdogo wake Sekela, wa Mbozi.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia, na hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekubali kujifunza kusema maji kwa Kiswahili, kwa mkuu wa shule na mtunza ukumbi ambao hawakumfukuza hata mara moja alipokuja kuulizia ng'ombe, kwa majirani waliokuwa wakimrudisha nyumbani bila kumwaibisha, kwa wafanyakazi wenzake Phyllis, kwa mama Généreuse, ambaye familia imesema haina neno la kutosha kwake, kwa mwalimu wa Mbeya, na kwa kanisa letu lote, pamoja na wale walioondoka na wale waliorudi. Baada ya maziko ya marehemu, atakayezikwa kando ya mkewe Verna, nyote mnakaribishwa ukumbini, chakula kipo, maharage na wali wa kwetu, na viazi vya kwao.

Neno la mwisho silisemi mimi. Dada Phyllis ameomba alitamke mwenyewe, kwa Kiswahili, amelifanyia mazoezi ndani ya gari wiki nzima akienda na kurudi kazini, anaogopa atakosea, nasi tumemwambia akikosea tutamfuata hivyohivyo alivyosema. Naomba tusimame. Dada, karibu, tuko nyuma yako.

Pumzika kwa amani, baba.